Saa 16 bila kula: ratiba ipi ya kufunga inamfaa mtu wa chai na ugali?

Kikombe cha chai ya maziwa cha robo lita, nusu maziwa nusu maji, sukari vijiko viwili vya chai: kalori 110 hivi. Maandazi mawili ya ukubwa wa kawaida: kama 350. Jumla 460, na hiyo ni chai ya mtu asiye mroho. Mtu huyo akiambiwa asitie kitu kinywani mpaka saa 6 mchana, ameondolewa kalori 460 kila siku bila kufundishwa hesabu hata moja. Nguvu ya kufunga kwa vipindi iko hapo, na kwa sehemu kubwa inaishia hapo hapo.

Kwa hiyo ratiba zote hapa chini, pamoja na programu za simu na madarasa ya WhatsApp yanayoziuza, zimepimwa kwa swali moja: zinamwondolea mlaji kitu gani mezani? Ratiba isiyoondoa kitu haipunguzi mwili, hata simu ikikupongeza kila siku.

Kwanza utafiti, kwa kifupi, maana ndiko wauzaji wanakoanzia. Mwaka 2012 kundi la Satchin Panda wa Taasisi ya Salk, California, liliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi. Waliokula ndani ya saa 8 hawakunenepa kama wenzao waliokula muda wowote, ingawa kalori zilikuwa sawa. Habari njema, ila ni ya panya. Kwa binadamu mambo yamekuwa ya kawaida zaidi. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2020, watu 116, wiki 12, kula saa 6 mchana hadi saa 2 usiku: waliofunga walipungua kilo 0.94, wa milo mitatu walipungua 0.68, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Guangzhou, China, 2022: watu 139 wote walipunguziwa kalori, nusu yao wakala kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Baada ya mwaka wenye saa maalumu walikuwa wamepungua kilo 8.0 na wenzao 6.3, na bado watafiti hawakuweza kusema saa ndiyo iliyofanya kazi. Jaribio linalopendeza zaidi ni la Chicago, 2023, watu 90 kwa mwaka mmoja. Waliofuata saa bila kuhesabu chochote walipungua kilo 4.6 zaidi ya wale ambao hawakubadilisha kitu. Waliohesabu kalori kila siku, kilo 5.4 zaidi. Saa ya ukutani ilifanya karibu kazi yote ya daftari. Kwa mtu asiyeweza kupima kila tonge, hilo si jambo dogo.

Kuna ile habari ya Machi 2024 kutoka mkutano wa chama cha moyo cha Marekani, kwamba wanaokula ndani ya saa zisizofika 8 walikuwa na hatari ya kufa kwa moyo iliyozidi kwa asilimia 91. Ilisambaa sana. Chanzo chake ni watu walioulizwa walichokula kwa siku mbili tu, kisha wakafuatiliwa miaka mingi. Anayekula mara moja kwa siku anaweza kuwa mgonjwa, maskini au mlevi tangu mwanzo. Haithibitishi kwamba kufunga kunaua, wala haimpi mgonjwa wa moyo ruhusa ya kujaribu bila daktari.

16:8, saa 6 mchana hadi saa 2 usiku

Yaani saa 16 za kufunga, saa 8 za kula. Ndiyo maarufu, na ndiyo inayowashinda wengi. Inamfaa mtu mmoja hasa: yule wa chai nzito asubuhi, mwenye supu na chapati mbili, au chai, mayai na mikate. Chapati moja ya gramu 90 ina kalori 250 hadi 300 kutegemea mkono wa mpishi kwenye mafuta, kwa hiyo kufuta kifungua kinywa cha aina hiyo ni kupata upungufu wa 500 hadi 700 kwa siku.

Haimfai kabisa yule anayetoka nyumbani alfajiri na tumbo tupu na kula mara ya kwanza saa 7 kwa mama ntilie. Huyo tayari yuko kwenye 16:8 bila kujua. Akilipia mafunzo atafunga kwa bidii, wiki nane zitapita, na mizani haitasogea, kwa sababu hakuna kilichoondoka. Tatizo lake liko usiku.

Na usiku ndiko ratiba hii inakovunjika. Katika nyumba nyingi chakula kinatengwa baada ya taarifa ya habari ya saa 2, yaani mlango umekwisha fungwa ndipo sufuria inafunguliwa. Anayefunga atakula peke yake saa 1 huku wengine wakisubiri, au atavunja saa zake mara nne kwa wiki. Wengi huvunja. Kosa lingine ni la saa 6 yenyewe: mtu anafika mchana ana njaa ya kutetemeka, anaagiza zege na soda. Chipsi mayai hazishuki sana chini ya kalori 700, na soda ya nusu lita ina gramu 53 za sukari, sawa na vijiko 13 vya chai, kalori zaidi ya 200. Alichokiacha asubuhi kimerudi kwa dirisha.

16:8 ya mapema, saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni

Hii ndiyo tunayoipa alama za juu kwa mwenye uwezo nayo. Saa 4 ni saa ya chai ofisini, kwa hiyo mtu anakaa na wenzake bila kueleza lolote. Inaondoa chakula kizito cha usiku, ambacho kwa watu wengi wa mjini ndicho kikubwa kuliko vyote: ugali wa gramu 150 za unga ni kalori 540 kabla mboga haijatiwa mafuta. Kuna jaribio dogo sana la Alabama, 2018, la wanaume 8 waliokuwa wanaelekea kwenye kisukari. Walimaliza kula kabla ya saa 9 alasiri kwa wiki tano, wakalishwa vya kutosha wasipungue. Insulini na presha zao zilikaa vizuri zaidi. Wanaume wanane hawatoshi kujenga sera, ila mwelekeo ni huo: mwili hupokea wanga vizuri zaidi mchana kuliko usiku.

Kikwazo ni foleni. Anayetoka kazini saa 11 na kufika nyumbani saa 2 hawezi kula chakula cha nyumbani saa 12. Suluhisho ni kubeba chakula: kande au wali na maharage kwenye kontena, vinaliwa kabla ya kupanda daladala. Usiku anakaa mezani na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari. Akina mama wenye familia husema hapo ndipo pagumu kuliko njaa yenyewe, kwani anayepika lazima aonje. Kuonja chumvi kwa ncha ya kijiko hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kula ukoko na mabaki ya watoto.

14:10

Saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku. Haina sifa mtandaoni kwa sababu haina ushujaa. Ndiyo ya kuanzia, na kwa mtu mwenye watoto wadogo huenda ndiyo ya kumalizia. Inachoondoa ni kile chakula cha tatu cha usiku: karanga, mkate na chai mbele ya televisheni, kiporo cha saa 5. Ukiwa na tabia hiyo, 14:10 inakupunguza. Usipokuwa nayo, ruka.

5:2

Siku tano unakula kama kawaida, siku mbili zisizofuatana unakula kalori 500 kama ni mwanamke, 600 kama ni mwanamume. Ilivuma Uingereza kuanzia 2012. Uzuri wake ni kwamba haigusi harusi, misiba wala wageni, unasogeza siku. Ubaya wake ni kwamba kalori 500 za jikoni kwetu ni chache kuliko watu wanavyodhani, na asiyepima hufika 900 bila habari. Siku moja inayotimia kweli inakuwa hivi:

Asubuhi chai ya rangi au kahawa tupu. Saa 7 mchana mayai mawili ya kuchemsha (150), tango zima na nyanya (25). Saa 1 usiku sato wa kuchoma, nyama yake tupu gramu 150 (190), sahani ya mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta (65), kipande cha papai gramu 150 (65). Jumla 495.

Hakuna ugali humo. Tonge la ugali la ukubwa wa ngumi linatia 150 hadi 200, na ukilitaka lazima samaki au mayai yatoke. Angalia pia kile kijiko cha mafuta. Jikoni mafuta humiminwa kwa macho. Kijiko kikubwa kimoja cha chakula ni kalori 120, na mchicha wa watu wawili hupokea vitatu bila mtu kushtuka. Siku ya mfungo chota kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.

Toleo la siku tatu kwa wiki lilijaribiwa Colorado na kuchapishwa 2025: watu 165, mwaka mmoja, pamoja na ushauri wa kila mara. Waliofunga walipungua asilimia 7.6 ya uzito, waliopunguza kidogo kila siku asilimia 5. Ni moja ya majaribio machache ambamo kufunga kumeshinda waziwazi.

Siku moja kula, siku moja kufunga. Na mlo mmoja kwa siku

Ya kwanza watu huikimbia. Chicago, 2017, katika watu 100 waliofuatiliwa mwaka mzima, asilimia 38 ya waliofunga siku moja na kula siku moja waliacha, na waliobaki hawakuwazidi wale waliopunguza kila siku. Mlo mmoja kwa siku hatuupendekezi kwa kazi ya kupunguza uzito. Tumbo halipokei kwa mkao mmoja protini, mboga na nyuzinyuzi za kutwa nzima, na anayejaribu hulala na kiungulia.

Kinachoruhusiwa na kinachovunja

Maji, chai ya rangi, chai ya tangawizi, kahawa chungu: ruksa, bila sukari. Kahawa ya kijiweni ni sawa, kashata inayokuja nayo si sawa. Ndimu iliyokamuliwa kwenye maji haina neno, lakini ile asali inayowekwa pamoja ni sukari. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 60. Maziwa "kidogo tu" ndiyo mtego mkubwa, kwani kidogo cha mnywaji chai wa kweli ni robo kikombe, na vikombe ni vitatu. Dafu linavunja. Supu ya mifupa inavunja, hata ukiacha nyama. Bigijii isiyo na sukari haivunji ila huamsha njaa. Mswaki na kumeza mate hakuna anayekuhukumu. Huu si mfungo wa dini.

Kwa Waislamu swali huwa moja: Ramadhani si ndiyo hii hii? Hapana, japo saa zinakaribiana. Pwani yetu iko karibu na ikweta, kwa hiyo kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na nusu hivi mwaka mzima, bila maji, na kula kote kunahamia usiku. Futari yenye mihogo ya nazi, magimbi, tambi na kaimati, kisha chakula cha usiku, kisha daku, inamrudishia mtu zaidi ya alichokiacha mchana. Tui zito la kikombe kimoja peke yake lina kalori zaidi ya 400. Ule utaratibu wa tende tatu na maji, kuswali magharibi, ndipo kukaa kula, unasaidia hasa, kwa sababu zile dakika 15 zinaituliza njaa kabla ya sahani. Anayefunga sunna za Jumatatu na Alhamisi ana 5:2 tayari kwa hesabu ya siku. Kilichobaki ni kuipima futari ya siku hizo mbili.

Yanayokwenda kombo, na kwa nini

Kichwa kuuma siku ya pili hadi ya tano. Sababu ya kwanza si njaa, ni kafeini: mtu amesogeza chai yake kwa saa tano. Anywe chai ya rangi au kahawa tupu saa ile ile aliyoizoea. Sababu ya pili ni maji na chumvi, kwa sababu insulini ikishuka figo hutoa chumvi na maji zaidi. Glasi ya maji yenye chumvi ya kubana vidole viwili huondoa kizunguzungu kwa wengi. Wenye presha wasifanye hivyo.

Kilo mbili ndani ya wiki ya kwanza, kisha kimya. Hili huwavunja moyo watu wengi. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, nusu kilo hivi, na kila gramu moja imeshikilia gramu tatu za maji. Akiba hiyo ikipungua, mizani inashuka haraka bila mafuta kuguswa. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Aliyeondoa ile chai na maandazi ya kalori 460 ana upungufu wa 3,200 kwa wiki, yaani kilo 0.4 kama hajafidia popote. Ndiyo kasi ya kweli. Anayekuahidi kilo 10 kwa siku 21 anakuuzia maji.

Misuli kupungua. Katika lile jaribio la 2020, waliopimwa kwa mashine walipoteza sehemu kubwa ya uzito wao kwenye nyama ya mwili, si mafuta. Dawa yake ni protini na kazi ya kubeba vitu vizito. Lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 75 anahitaji gramu 90, na lazima aziingize ndani ya saa 8: mayai mawili (12), kikombe cha maharage (15), samaki gramu 150 (38), dagaa wakavu gramu 20 (12), mtindi robo lita (8). Hizo ni 85. Ugali au wali wa siku nzima unamalizia. Anayefuturu kwa chai na mkate, kisha akala ugali na mchicha, hafiki hata nusu.

Choo kigumu huja kwa sababu chakula kimepungua na mboga nazo zimepungua. Maharage, kunde, matembele, bamia na maji hulimaliza ndani ya wiki. Kiungulia ni cha wale wanaojaza tumbo saa 2 kasoro kisha wakalala saa 3. Acha saa tatu kati ya sahani na kitanda. Nywele kutoka miezi miwili au mitatu baadaye, na hedhi kuyumba, ni dalili kwamba upungufu ni mkali mno: ongeza chakula, usiongeze subira. Kupungua kwa kasi na kukaa muda mrefu bila kula pia huongeza mawe kwenye kifuko cha nyongo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta si ya kupuuzwa.

Wasiojaribu, na wenye dawa

Watoto na vijana wanaokua, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye uzito pungufu, na aliyewahi kusumbuliwa na kujinyima au kujitapisha: hapana.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asianze kabla dozi haijapangwa upya na daktari. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala. Metformini peke yake hatari yake ni ndogo, ila inywewe na chakula, vinginevyo tumbo litavuruga. Glukomita ikisoma chini ya 4 (mmol/L), mfungo umekwisha siku hiyo: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Anayetumia vidonge vya presha vinavyokojoza ataona kizunguzungu anapoinuka. Apime presha nyumbani wiki mbili za mwanzo, kwani uzito ukishuka dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.

Diklofenaki na ibuprofeni kwenye tumbo tupu ni kujitafutia vidonda. Na ukiugua malaria, funga mfungo wako kabatini. Dawa ya mseto, ALu, inahitaji chakula chenye mafuta kidogo ili iingie mwilini vizuri, na dozi zake sita husambaa siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Kuimeza tumbo tupu ili usivunje 16:8 ni kuitibu malaria nusu.

Programu za simu

Zipo nyingi, na Zero, iliyotoka Marekani 2016, ni moja ya zilizotangulia. Sehemu yenye maana ni kitufe cha kuanza na kumaliza, na kwa kawaida hiyo hutolewa bure. Kumbuka zinasoma saa za kizungu: ukitaka kuanza saa 2 usiku weka 20:00, na saa 6 mchana ni 12:00. Kuna watu wamefunga saa 10 wakidhani 16 kwa kuchanganya hapo.

Vile vielelezo vya rangi, "saa 12 unachoma mafuta, saa 16 seli zinajisafisha", ni saa ya ukutani iliyopakwa rangi. Simu haina kipimo cha kinachotokea kwenye ini lako. Aliyekula wali saa 2 usiku na aliyekula samaki na mboga hawafiki mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kujisafisha kwa seli ni jambo la kweli. Yoshinori Ohsumi alipata Nobel 2016 kwa kulichunguza, ndani ya hamira. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoonyesha limeanza lini kwa binadamu.

Ukijaribu toleo la kulipia, angalia tarehe. Majaribio ya siku saba hugeuka malipo ya mwaka, na kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ingia Google Play, gusa picha yako, "Malipo na usajili", usitishe huko. Alamu mbili za simu, moja ya kufungua na moja ya kufunga, hufanya kazi ileile.

Madarasa ya WhatsApp na chai za tumbo

Kundi lina faida moja ya kweli, nayo ni kuulizwa kila siku. Jedwali lenyewe la 16:8 linalouzwa humo umelisoma hapo juu. Kabla ya kulipa muulize kocha maswali matatu: ana taaluma gani ya lishe, anafanya nini na mtu mwenye kisukari, na je, lazima ununue bidhaa? Akikosa jibu la pili, ondoka. Akisema ndiyo kwa la tatu, ondoka pia.

Chai za kukata tumbo zinazoambatana na madarasa hayo, soma lebo: nyingi za aina hiyo huwa na sanamaki, ile ile ya bibi ya kuharisha. Inatoa maji, choo na potasiamu. Mafuta yanabaki palepale. Kuinywa kila siku huku hujala ni njia ya haraka ya kulegea misuli na mapigo ya moyo kwenda ovyo. Alama: sifuri.

Vifaa vya kununua

Futi kamba ya fundi cherehani, na mizani kama bajeti inaruhusu. Mizani ikae kwenye saruji au vigae tambarare, si kwenye zulia; za mtaani kwenye mchanga hukosea kilo nzima. Pima asubuhi, baada ya choo, kabla ya kunywa kitu, siku tatu kwa wiki, uchukue wastani. Kiuno pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, kamba imegusa ngozi bila kuibana. Kwa kawaida zaidi ya sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ni alama ya hatari.

Ipe ratiba wiki nane. Kiuno kikiwa hakijashuka hata sentimita mbili, usiongeze saa za kufunga. Andika kila ulichokula kwa siku tatu, moja iwe Jumapili, kisha tafuta mlo mzito kuliko yote uko saa ngapi, na uhamishe saa zako uwe nje yake. Wa usiku mzito ahamie saa 4 hadi saa 12. Wa chai nzito abaki saa 6 hadi saa 2. Na mlinzi au nesi wa zamu za usiku ahesabu toka anapoamka, si toka jua linapochomoza, na chakula chake kikuu akile kabla ya kwenda kazini.